Upanga wa Kuku Wako Una Nini?

Msikilizaji wangu wa Jinja, na wewe wa Mbale, na nyote mnaoishi kati ya miji hiyo miwili kando ya barabara ya Tirinyi, leo naanza na ombi. Usiku huu, kuku wakishapanda kulala, chukua tochi au taa ya simu uingie bandani taratibu. Kuku akiwa gizani ni mpole, hatakukimbiza banda zima. Mshike mmoja, mbane kwapani mbawa zikiwa zimetulia, mmulike kichwani. Tazama upanga wake, ile nyama nyekundu iliyosimama utosini. Tazama ndevu mbili zinazoning'inia chini ya mdomo. Tazama kope zake, na ile ngozi iliyo wazi karibu na sikio. Kisha mfungue mdomo kwa kidole uchungulie ndani. Dakika moja kwa kila kuku inatosha.

Naomba hivyo kwa sababu tumezoea kumshughulikia kuku siku anapokataa kula, au siku tunapomkuta ameinamisha shingo pembeni ya ukuta. Siku hiyo mara nyingi tumeshachelewa. Ila upanga huwa umeanza kusema mapema zaidi, na ubaya ni kwamba hata wanaouona hawaangalii vizuri. Akiona kidoa chochote kichwani mwa kuku, mtu anakwenda duka la dawa za mifugo, ananunua unga wa antibayotiki, anaukoroga kwenye maji, basi. Kidoa cha ndui, kidoa cha kiroboto, kidoa cha fangasi, jeraha la kudonolewa: vyote vinapewa unga uleule. Pesa inakwenda, kuku wanakufa, na mtu anabaki akisema kuku wa kienyeji hawafugiki. Wanafugika. Hivyo vidoa ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina dawa yake, isipokuwa kimoja kisicho na dawa kabisa. Nitaanza na hicho.

Kwanza tuuelewe upanga wenyewe. Kuku hatoki jasho. Jua la saa nane linapowaka pale Walukuba, Jinja, kuku hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na kwa kupitisha damu nyingi kwenye upanga na ndevu, mahali ambapo hewa inaipoza. Kwa hiyo ngozi ya pale ni nyembamba, damu iko juujuu, na manyoya hakuna. Sasa mfikirie mbu. Kifua cha kuku kimefunikwa, mgongo umefunikwa, hata paja limefunikwa. Mbu atatua wapi? Atatua kichwani. Na kwa njia hiyo mbu ndiye anayetuletea ugonjwa wa kwanza, ndui ya kuku.

Ndui inaletwa na virusi. Mbu akimuuma kuku mgonjwa, hubeba virusi hivyo mdomoni kwa muda wa wiki kadhaa, akienda akiwapachika kuku wengine. Kuku wakidonoana pia huambukizana, kwa sababu virusi hivi huingia palipo na mkwaruzo. Ndiyo maana ndui hutuandama baada ya mvua. Mbale mnajua: mvua za Machi hadi Mei, halafu zile zinazoanza Agosti, na bonde la Namatala likijaa maji, na mashamba ya mpunga ya Doho kule Butaleja, mbu hawana shida ya mahali pa kuzaliana. Jinja mna ziwa, mna mafunjo ya Masese, mna mitaro iliyoziba. Mbu wapo, na kuku wapo.

Ukimulika kuku mwenye ndui katika siku za kwanza, utaona vipele vidogo vyeupe kwenye upanga na pembezoni mwa mdomo, milimita chache tu. Vikikaa siku chache vinakua, vinakuwa vya manjano, vinaungana, halafu vinakauka na kuwa vigaga vigumu, vyeusi au vya kahawia, vilivyoinuka juu ya ngozi. Pitisha kidole: utahisi kitu kigumu, chenye mashina ndani ya nyama. Usikibandue. Ukikibandua utatoa damu, utafungua mlango wa usaha, na kile kigaga utakachokitupa chini kimejaa virusi vinavyoweza kuishi humo miezi mingi. Kiache. Kitaanguka chenyewe baada ya wiki mbili, tatu, nne, na chini yake ngozi itakuwa imepona. Vigaga vikianguka, fagia banda, choma takataka.

Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Narudia kwa sauti, kwa sababu hapa ndipo pesa ya wafugaji wengi inapopotelea: hakuna sindano, hakuna unga, hakuna kidonge kinachoua ndui ndani ya kuku. Antibayotiki inaua bakteria, haigusi virusi. Daktari wa mifugo anaweza kuitoa pale vidonda vinapoingia usaha, na hapo ana sababu. Lakini kuiweka kwenye maji ya kuku wote kila unapoona kigaga ni kumwaga pesa, na ni kuiacha dawa ibaki ndani ya mayai anayokula mtoto wako.

Sasa kama haina dawa, je, tukae tu? Hapana. Kuku wengi wanaokufa wakiwa na ndui ya ngozi hawauawi na ndui yenyewe. Wanakufa njaa. Vipele vikitokea kwenye kope, jicho linavimba, linafunga, na kuku asiyeona hawezi kudonoa punje. Bakuli liko mbele yake na maji yako mbele yake, lakini yeye anakonda mpaka anakwisha. Mtu akimkuta amekufa anasema ndui imemuua, kumbe alihitaji mkono. Chukua maji yaliyochemka yakapoa, nusu lita, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, lowesha kitambaa safi, mfute jicho polepole mpaka ule ukoko ulainike na jicho lifunguke. Asubuhi na jioni. Mkorogee mash laini yenye maji, mchovye ncha ya mdomo ndani yake, ataanza kumeza. Mtenge na wengine, mahali pasipoingia mbu, chini ya chandarua kilichochakaa kama unacho. Vigaga vipake iodini kidogo ili vikauke bila kuoza. Kazi hiyo mtoto wa darasa la tano anaiweza, na imewarudisha kuku wengi sana.

Ila kuna ndui ya pili, mbaya zaidi, inayoingia mdomoni. Ndiyo maana nilisema uchungulie ndani. Ukiona utando wa manjano umeshika ulimi au koo, na kuku anakoroma akivuta pumzi, usiukwangue kwa kijiti. Ukiung'oa utamwaga damu na unaweza kumkaba pale pale. Mwite daktari wa mifugo, na ujue kwamba wengi wa aina hiyo hawaponi.

Kuna swali limekuwa likisumbua watu tangu mwaka 2024, mpox ilipoingia Uganda na redio zote zikawa zinaizungumzia. Mtu anaona vigaga kichwani mwa jogoo wake, anaogopa kwamba watoto wataambukizwa. Msikilizaji, tulia. Ndui ya kuku ni virusi vya ndege. Havimwingii binadamu, havileti mpox wala tetekuwanga. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika kuku yeyote mgonjwa, hilo ni la kawaida, lakini usiwachome kuku wako moto kwa hofu hiyo.

Tuje kwa kiroboto. Huyu naye ana majira yake: anapenda kiangazi, udongo mkavu wa kichanga, banda lililojaa vumbi. Kwa hiyo mvua zikikatika, Desemba, Januari, Februari, usitafute ndui kwanza, mtafute yeye. Ukimulika utaona kwenye upanga, kwenye ndevu na kuzunguka jicho kitu cha kahawia iliyoiva, chembe chembe nyingi zilizosongamana, kama mtu amemwagia kuku kahawa ya kusaga. Wengi wanasema ni uchafu, wanafuta, hautoki. Sogeza tochi karibu zaidi. Zile chembe zinang'aa, zina miguu, na kila moja imezamisha mdomo ndani ya ngozi. Hao ni viroboto wanaong'ang'ania. Kiroboto wa mbwa unayemjua huruka huku na huku. Huyu jike wake akishapata mahali hujipachika na kubaki pale wiki mbili au tatu akinyonya damu.

Kwa kuku mkubwa ni kero na upungufu wa mayai. Kwa kifaranga ni kifo. Kifaranga ana damu kidogo sana. Viroboto kadhaa wakimzunguka macho, anapauka, anazubaa, anakufa, na mama mwenye vifaranga anadhani ni baridi.

Dawa yake ipo nyumbani kwako. Mafuta mazito ya kujipaka, yale ya jeli. Chota kwa kidole, yapake manene juu ya viroboto wote mpaka wafunikwe kabisa, ukijihadhari yasiingie ndani ya jicho. Kiroboto anakosa hewa. Kesho yake futa, wengi watakuwa wamekufa na kuachia. Rudia kwa waliobaki. Usiwang'oe kwa kucha wakiwa hai. Ngozi inachanika na vidonda vinafuata. Baada ya hapo paka iodini kwenye matundu waliyoyaacha.

Lakini ukiishia kwa kuku umefanya nusu ya kazi, na hiyo nusu haitadumu. Jike la kiroboto akiwa pale kichwani hurusha mayai yake chini. Mayai yanaanguliwa vumbini, viluwiluwi vinakula uchafu wa banda, vinajisokotea vifuko, na baada ya mwezi mmoja au miwili viroboto wapya wanapanda juu ya kuku. Kwa hiyo toa matandiko yote, iwe maganda ya mpunga au ya kahawa au maranda, yapeleke mbali uyachome. Fagia sakafu mpaka kwenye nyufa. Nyunyiza unga wa pamethrini sakafuni na kwenye pembe, na kidogo chini ya mbawa za kuku, kisha rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu wale waliokuwa wamejisokota mara ya kwanza dawa haikuwafikia. Pamethrini imetengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile lile linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na kwa kuku ikitumiwa kwa kipimo haina tatizo.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Viroboto hawa huwapanda pia mbwa, paka na panya. Mbwa anayelala mlangoni mwa banda atakurudishia viroboto kila wiki. Kwa hiyo mbwa naye atibiwe kwa dawa ya mbwa, na panya wafukuzwe. Lakini paka usimpake pamethrini hata chembe. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo; atatetemeka, ataanguka kifafa, atakufa. Mfungie nje ya banda mpaka unga utulie, na dawa ya paka uulize kwa daktari. Na jambo jingine: ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, msiitumbukize kuku ndani yake kwa kukadiria kwa macho. Kipimo cha ng'ombe wa kilo mia tatu hakimfai ndege wa kilo moja na nusu. Vivyo hivyo oili chafu ya gari na mafuta ya taa, ambayo bado nasikia watu wakishauriana kuyapaka. Vinaunguza ngozi, na kuku akijisafisha kwa mdomo anavimeza.

Fangasi nitampitia haraka, kwa kuwa si wengi wanaompata. Ni madoa meupe ya unga-unga juu ya upanga, hasa wa jogoo, hayana kigaga kigumu, hayana damu. Ukikwaruza kidogo unga unatoka. Yakiachwa muda mrefu yanashuka shingoni, manyoya yananyonyoka, na kuku ananuka uvundo wa kitu kilichoota ukungu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ulainishe ule ukoko, kausha, paka krimu ya klotrimazo, hiyo hiyo inayouzwa famasi kwa choa na mba, kila siku kwa wiki mbili hadi tatu hata kama madoa yameshapotea. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, maana fangasi wa namna hii mara chache huweza kumpata mtu. Banda lenye unyevu na giza ndilo humlea, fungua dirisha.

Na donda la kudonolewa ni rahisi kulitambua: liko mahali pamoja, lina damu iliyokauka, kwa kawaida juu ya ncha ya upanga, na utalikuta kwa majogoo wawili waliokutanishwa au kwa kuku aina ya kuroila waliojazwa kwenye kibanda kidogo. Mtenge aliyeumia, kwa sababu kuku wakiona damu hawaachi kudonoa. Osha kwa maji ya chumvi, paka iodini, ongeza nafasi.

Niseme neno kuhusu picha. Vijana wengi sasa wanapiga picha ya upanga, wanailinganisha na picha za kwenye simu, wanakuja na jibu kwamba kuku ameungua na barafu. Picha hizo zimetoka nchi za baridi kali, ambako ncha za upanga huganda usiku na kugeuka nyeusi. Mlimani Wanale, juu ya Mbale, kuna baridi ya kutosha kuvaa sweta, lakini kuku wa Wanale hagandi upanga. Baridi ya kugandisha iko huko juu karibu na kilele cha mlima, Wagagai, mita 4,321, na huko hakuna anayefuga kuku. Ukiona weusi kwenye upanga hapa kwetu, una maana nyingine, na inaweza kuwa maana nzito.

Rangi ya upanga wote ni habari tofauti na vidoa. Upanga uliopauka ni damu iliyopungua: minyoo, viroboto, au utitiri mwekundu unaojificha kwenye nyufa za mbao mchana na kutoka kunyonya usiku. Kwa vifaranga tazama kinyesi. Kikiwa na damu ni koksidia, na hiyo ina dawa yake, usichelewe. Lakini kuku anayeatamia, au anayebadilisha manyoya, upanga wake husinyaa na kupauka bila ugonjwa wowote. Mwacheni alee.

Upanga uliogeuka zambarau au mweusi wote kwa mara moja, umevimba, na kuku wanakufa kwa siku moja au mbili, huo si ugonjwa wa kutibia nyumbani. Unaweza kuwa mdondo, ambao wengine wanauita kideri, pamoja na shingo iliyojipinda na kinyesi cha kijani. Unaweza pia kuwa mafua makali ya ndege. Tusisahau Januari ya mwaka 2017, ndege wa porini walipookotwa wamekufa kando ya Ziwa Viktoria upande wa Entebbe, kisha bata na kuku wa Masaka wakafuata, na maabara ikathibitisha virusi vya H5N8. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai ya Uganda, na wafanyabiashara wanaovukia Busia na Malaba wakakaa na bidhaa mikononi. Jinja iko kwenye ziwa hilo hilo. Kwa hiyo ukiona vifo vya ghafla na panga nyeusi, usichinje upesi upesi uuze nyama kabla hawajafa. Usiwapasue. Usiwatupe ziwani. Mpigie afisa mifugo wa gombolola yako siku hiyo hiyo, au umwambie mwenyekiti wa LC1 apige.

Sasa nirudi kwenye ndui, maana nilisema haina dawa, na sikusema kwamba haizuiliki. Inazuilika vizuri. Chanjo ipo, ni ya miaka mingi, na kuku akichanjwa sawasawa mara moja, mara nyingi hukingwa kwa maisha yake ya kutaga. Basi kwa nini kuku wa Bugembe kule Jinja na wa Namakwekwe kule Mbale wanaugua kila msimu? Nimewasikia wataalamu wakisema wafugaji hawana elimu. Sikubaliani nao. Tatizo kubwa ni chupa.

Chanjo ya ndui huja kwenye chupa ya dozi mamia kadhaa, mpaka elfu moja. Imekusudiwa mwenye kuku elfu moja. Mama wa Namatala ana kuku kumi na wawili. Akiinunua, itabidi aichanganye na maji yake, na ikishachanganywa lazima iishe ndani ya saa mbili, la sivyo inakufa. Kwa kuku kumi na wawili anamwaga mamia ya dozi. Ni nani atakayefanya hivyo? Anaona bora anunue kipakiti cha antibayotiki kinachomtosha, hata kama hakifai. Huyo mama elimu anayo, hesabu ndiyo iliyomshinda, na ingemshinda mtu yeyote aliye peke yake.

Dawa ya hesabu hiyo ni majirani. Na hapa kwetu majirani wameshajipanga kwa mambo mengine. Karibu kila kijiji kina kikundi cha akiba, akina mama wanakutana kila wiki, wana kitabu, wana sanduku, wana kufuli. Tangu mpango wa maendeleo ya parokia ulipozinduliwa Kibuku, hapo hapo katikati ya barabara yetu ya Tirinyi, mwezi Februari 2022, kaya nyingi zimepata ile shilingi milioni moja ya mpango huo na nyingi zikanunua kuku. Kwa hiyo kuku wameongezeka, na pesa ya umma imo ndani ya kuku hao. Inashangaza, na kusema kweli inaniuma, kwamba mtu anapewa milioni ya kununua kuku lakini hakuna anayempangia siku ya chanjo. Maafisa wanaosikiliza, hilo liko ndani ya uwezo wenu.

Lakini msiwangoje. Katibu wa kikundi na aandike: nyumba ya kwanza kuku 12, ya pili 30, ya tatu 7, mpaka dozi za chupa zitimie. Kila mtu anachanga kwa idadi ya kuku wake. Gharama ikigawanywa hivyo, kwa kuku mmoja ni kidogo kuliko bei ya yai. Siku ipangwe kabla ya mvua: Februari kwa mvua za Machi, Julai kwa zile za Agosti. Watu wa Mbale, mwaka wa shufwa mna sababu ya ziada. Imbalu, sherehe ya tohara, inafunguliwa Mutoto mwezi Agosti, wageni wanakuja, na kuku wanahama kutoka soko hadi soko na nyumba hadi nyumba wakining'inia kwenye bodaboda. Kuku mmoja mwenye kipele aliyenunuliwa kwa ajili ya sherehe, akafungwa kamba karibu na wako usiku mmoja, anatosha kuanzisha ndui. Yule asiyechinjwa siku hiyo mtengeni wiki tatu kabla ya kumchanganya.

Saa ya kukutana iwe saa ambayo akina mama wanaweza kufika. Zamani Busoga, kama Buganda, mwanamke alifuga kuku ambao hakuruhusiwa kuwala. Wengi wameuacha mwiko huo, lakini mikutano ya mifugo bado inaitwa kana kwamba kuku ni wa baba. Anayejua kuku yupi ana jicho lililovimba ni yule anayewafungulia asubuhi. Huyo ndiye awe mstari wa mbele.

Chanjo ya ndui haitaki joto. Inasafiri kwenye kisanduku chenye barafu kutoka dukani mpaka kijijini, haikai juu ya dashibodi ya matatu. Inachanganywa kivulini. Mchanjaji aliyefunzwa ana sindano yenye ncha mbili. Anaichovya kwenye chanjo, anamkunjua kuku bawa, anatoboa ile ngozi nyembamba ya katikati ya bawa kutoka chini, akikwepa mshipa, nyama na manyoya. Umri mzuri ni kuanzia wiki ya 6 hadi ya 10. Kuku mwenye dalili tayari hachanjwi, lakini kama ndui ndiyo kwanza imeingia kijijini na wagonjwa ni wachache, chanjeni wazima wote haraka, kwa sababu ndui hutembea polepole na mnaweza kuitangulia. Mwambieni mchanjaji awapangie na siku ya mdondo pia. Ile chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa kuwafikiria wafugaji wa vijijini, inavumilia joto kuliko nyingine, ni tone moja jichoni kila miezi minne.

Kuna kazi moja inayosahaulika karibu kila mahali. Baada ya siku 7 hadi 10, shikeni kuku kadhaa wa kila nyumba, mkunjue bawa, mtazame pale palipotobolewa. Panatakiwa pawe na uvimbe mdogo au kigaga. Mkikiona, chanjo imeshika. Msipokiona kwa kuku wengi, chanjo ilikuwa imekufa njiani au sindano ilipita kwenye manyoya, na kuku hao hawana kinga yoyote. Irudiwe kwa chupa nyingine, na mwulizeni aliyeuza ilihifadhiwa wapi. Mna haki ya kuuliza, mmelipa.

Wiki ijayo saa kama hii tutashuka kutoka kichwani hadi miguuni, tuzungumzie utitiri unaoinua magamba ya miguu ya kuku. Walio na maswali kuhusu upanga waandike majina ya vijiji vyao na idadi ya kuku, ili wanaokaa jirani nao wasikie kwamba nao wanatafuta chupa.